Anaondoka na Nini?

Huku milimani, kuanzia Manyovu mpaka Heru Juu na kuendelea kaskazini hadi Kibondo, mgeni akija na maajabu wazee hawapotezi muda kubahatisha ameyafanyaje. Wanamwacha afanye. Wanatazama, wanacheka panapochekesha, na jicho lao liko kwenye mfuko wake. Swali lao ni moja: akimaliza, anaondoka na nini?

Nalitaja swali hilo kwa sababu sisi watu wa Kigoma tumebandikwa sifa ambayo hatukuiomba. Ukisema Dar es Salaam kwamba kwenu ni Buha, kuna atakayesogeza kiti pembeni kwa utani, na kuna atakayekuvuta kando akuulize kwa sauti ya chini kama unamfahamu mtaalamu. Mwisho wa reli, wanasema, ndiko mambo yaliko. Hawajui kwamba Mha wa kawaida ni mtu wa mashaka, mwenye kahawa yake na migomba yake, anayeifahamu bei ya maharage kuliko habari za majini. Lakini sifa ya namna hiyo ina gharama. Mahali palipokwisha kusemwa kuwa pana uchawi, tapeli akifika anakuta nusu ya kazi yake imeshafanywa.

Waliosoma shule za msingi zamani kidogo wanamkumbuka mtu wa mazingaombwe. Alipita shule kwa shule, akaelewana na mwalimu mkuu, na watoto wakaambiwa kesho waje na senti. Madirisha ya darasa yalifunikwa. Akameza nyembe na kuzitoa zimefungwa kwenye uzi, akavuta mdomoni utepe wa karatasi za rangi usiokwisha, akageuza kipande cha gazeti kuwa noti. Hakukosekana mtoto mkorofi wa kuuliza: kama anatengeneza noti, senti zetu za nini? Walimu walimkemea mtoto huyo, na mimi naona walipaswa kumpa zawadi, maana wapo watu wazima waliouza ng'ombe kabla ya kujiuliza alichouliza yeye. Hata hivyo yule bwana hakuwa na kosa. Alisema anacheza, akacheza, akaondoka na senti, nasi tukabaki na kicheko cha wiki nzima. Hakuna aliyeibiwa.

Mtu aliyeipa kazi hiyo heshima iliyo nayo leo alikuwa fundi saa. Jean-Eugène Robert alizaliwa mwaka 1805 katika mji wa Blois, Ufaransa, na baba yake alikuwa fundi saa vilevile. Mwenyewe alisimulia kwamba ujanani alikwenda kununua kitabu cha ufundi wa saa, muuzaji akamfungia kwa bahati mbaya kitabu cha viini macho, naye akakesha nacho. Watu wa jukwaani hupenda kusimulia hadithi za jinsi hiyo juu ya nafsi zao, kwa hiyo tuipokee kwa tabasamu. Mwaka 1830 alioa katika familia ya Houdin, akaunganisha jina la mkewe na lake, na kuanzia hapo akajulikana kama Robert-Houdin. Julai 1845 alifungua ukumbi wake mdogo katika Palais-Royal jijini Paris.

Wengi waliomtangulia walivaa majoho na kofia ndefu, na meza zao zilifunikwa vitambaa vilivyogusa sakafu, mahali pazuri pa kumficha msaidizi. Yeye alipanda jukwaani na suti ya jioni, sawasawa na wageni waliokaa mbele yake, na miguu ya meza zake ikaonekana. Alimlaza mwanawe hewani, kiwiko tu kikiwa kimeegemea fimbo, akisema ni nguvu za etha, dawa ya ganzi iliyokuwa habari mpya kwa madaktari wa siku hizo. Alikuwa pia na kisanduku kidogo chenye chuma kwenye kitako. Mtu alikiinua bila taabu, kisha akijaribu tena akashindwa kukisogeza hata kidogo. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme: mkondo ukipita sanduku linanata, ukikatwa linaachia. Siku hizo watu wachache sana mitaani walijua kwamba umeme unaweza kufanya kazi hiyo. Alipowaonyesha Waparisi aliwaambia kwa mzaha kwamba amepata sanduku la kuhifadhia fedha ambalo mwizi hawezi kulibeba. Wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda zao nyumbani. Kila mmoja wao alijua amelipa tiketi ili adanganywe.

Sasa tazama sanduku hilohilo linavyovuka bahari.

Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria tangu 1830. Watawala wake walikuwa wanawahofia marabuti, watu wa dini ambao baadhi yao walisifiwa kwa karama na waliweza kuwainua watu wapigane. Mwaka 1856 serikali ikamwita Robert-Houdin, aliyekuwa amestaafu kwake karibu na Blois, aje awaonyeshe machifu kwamba Mfaransa naye ana uwezo, tena mkubwa zaidi. Oktoba mwaka huo wakakusanywa katika ukumbi wa jijini Algiers. Akapanda jukwaani kijana mwenye nguvu, akaliinua sanduku kwa dharau. Robert-Houdin akamwambia, kupitia kwa mkalimani, kwamba sasa anamnyang'anya nguvu zake. Kijana akavuta. Akavuta tena, jasho likimtoka. Kisha umeme ukapitishwa kwenye mshikio wenyewe, mikono ikakakamaa, akapiga magoti na kulia, na alipoachiwa akakimbia. Mwishoni alifunikwa mtu mezani, kifuniko kikainuliwa, mtu hayupo. Watazamaji wakasukumana mlangoni kwa hofu, na huko nje wakamkuta mwenzao amesimama salama.

Sumaku ilikuwa ileile ya Paris. Maneno ndiyo yaliyogeuka. Kule alisema sanduku langu zito. Huku alisema nguvu zako ninazo mimi. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1858, aliandika kwamba baadaye wakalimani waliagizwa wawaeleze machifu kuwa yote yalikuwa ustadi wa mikono na elimu. Namhesabia hilo kama haki yake. Ila ukilileta swali la wazee wetu pale mlangoni Algiers, jibu linauma: mchezaji aliondoka na hofu ya watu, akaikabidhi kwa serikali iliyomtuma, na serikali ikaitumia kutawala. Sioni namna ya kumsafisha kabisa. Mtu anaweza kuwa mkweli miaka yote ya kazi yake, akaja kuukodisha ustadi wake siku chache, na hizo chache zikahesabiwa.

Robert-Houdin alifariki Juni 1871. Miezi michache baadaye, mgeni mwingine aliyependa kuonekana mkubwa kuliko alivyo alikuwa anapita kwetu. Henry Stanley alikuwa anatoka Unyanyembe kumtafuta Livingstone Ujiji, na kwa kuwa Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu, alizunguka, akavuka Malagarasi na kuingia Buha. Alikuwa na bendera, bunduki na maneno mengi. Wenyeji walitazama mizigo. Chifu aliyemtaja kwa jina la Mionvu alimdai nguo mia kama hongo ya kupita. Stanley akabishana, akalipa pungufu kidogo. Hatua chache mbele akakuta mwingine anadai, akaambiwa kwamba zaidi yake wapo wengine tena. Akapiga hesabu kuwa atafika Ujiji mikono mitupu. Akamlipa mwenyeji wa njia, akatoroka usiku kupitia porini, msafara mzima ukinyata, na mwanamke mmoja alipoanza kupiga kelele njiani wote wakashikwa na hofu ya kugunduliwa. Ameyaandika mwenyewe, kwa hasira. Siwatetei machifu wetu, nao walikuwa na tamaa zao. Lakini kisa hiki hunifurahisha: katika nchi inayosemwa kuwa ya ushirikina, mgeni mwenye mbwembwe alipimwa kwa marobota yake.

Ng'ambo ya ziwa mambo hayakwenda hivyo. Stanley alirudi Kongo akiwa mtu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1890 mwanahistoria mmoja Mmarekani mweusi, George Washington Williams, alifika Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, akamwandikia mfalme barua ya wazi juu ya aliyoyaona na kuyasikia. Miongoni mwa mashtaka yake ni namna machifu walivyofanywa waitoe ardhi yao. Betri za umeme, aliandika, zilinunuliwa London na kufichwa ndani ya koti, utepe wake ukapita kiganjani. Chifu akipewa mkono anatikiswa, anaambiwa Mzungu ana nguvu za kung'oa miti. Kioo cha kukusanya mwanga wa jua kiliwasha sigara, na chifu akaelezwa kwamba jua lenyewe ni rafiki wa mgeni, linaweza kuombwa liunguze kijiji. Cha tatu kilikuwa mchezo wa bunduki: chifu anapewa bunduki ampige Mzungu, risasi imeshafichwa kwenye mkono wa koti, mlio unatoka, na Mzungu anainama na kuitoa risasi kiatuni. Huo ni mchezo wa kale wa kumbi za Ulaya. Robert-Houdin naye aliufanya Algeria. Kwa hila hizo na kwa masanduku machache ya pombe kali, aliandika Williams, vijiji vizima vilitiwa saini.

Huko mchezaji aliondoka na nchi.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umasaini mwaka 1883 na 1884, alifanya madogo zaidi: alichomoa na kurudisha meno yake mawili ya bandia, na akatia chumvi ya Eno ndani ya maji ichemke povu, ili aonekane mganga mkuu. Alitaka apishwe njia na apate kuishi. Simwiti mwizi wa nchi. Namtaja kwa kuwa vitabu vya watu hawa huvisimulia visa hivi kwa kicheko, kana kwamba aliyedanganywa ndiye mwenye aibu. Mtu asiyewahi kuona umeme akatikiswa na umeme hana aibu yoyote. Aibu ni ya aliyejua.

Wafanya mazingaombwe wenyewe wamelijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo sababu vyama vyao vinanivutia. Mwaka 1902 wale wa Marekani walianzisha chao katika duka la vifaa vya mazingaombwe jijini New York. Wa London wakafuata mwaka 1905 na kuanzisha Magic Circle, rais wake wa kwanza akiwa David Devant. Mwanachama huapa kutotoa siri. Msomaji wa Kigoma akisikia chama cha siri moyo unamruka, maana tumezoea vibandiko kwenye nguzo za umeme vinavyosema jiunge na Freemason upate utajiri, pamoja na namba ya simu ya kutumia hela. Siri ya Devant haikuwa ya jinsi hiyo. Ilikuwa siri ya fundi, ile ambayo mhunzi hamwambii kila mpita njia. Mtazamaji asipoijua hapungukiwi na kitu ila anaongezewa starehe.

Devant alizaliwa London mwaka 1868 kwa jina la David Wighton. Mchezo wake uliopendwa sana ulihitaji kofia, watoto wawili na mayai. Alitoa yai kofiani, akampa msichana, msichana akampa mvulana, likaja la pili, la tatu, upesi upesi, mpaka mvulana amekumbatia mayai yasiyobebeka na yanaanza kudondoka na kupasuka. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na watoto waliondoka jukwaani kama mashujaa. Mwaka 1912 alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kucheza mbele ya mfalme wa Uingereza. Baadaye ugonjwa wa neva ukaanza kumtikisa mikono, na mtu wa kazi ile bila mikono amebaki na nini? Akaacha jukwaa. Katika miaka ya 1930, akiwa mgonjwa, alichapisha siri za michezo yake mwenyewe, na chama alichokuwa rais wake wa kwanza kikamfukuza. Baadaye kilimrudisha, na wanachama wakawa wanakwenda kumchezea kwenye hospitali alikotunzwa. Alifariki mwaka 1941. Sitaki kuwalaumu sana. Chama bila masharti si chama. Lakini mzee aliyetoa siri zake mwenyewe za mayai na kofia hakumdhuru mtu.

Upo ufichuaji mwingine ambao watu wa kazi hiyo waliona ni wajibu. John Nevil Maskelyne, naye alianza kama fundi saa, mwaka 1865 aliwaona ndugu wawili kutoka Marekani wakifungwa kamba ndani ya kabati gizani, vyombo vya muziki vikilia, na watu wakiaminishwa kwamba mizimu ndiyo inapiga. Mwanga ukapenya bahati mbaya, akamwona mmoja wao mkono uko nje ya kamba. Maskelyne akatengeneza kabati lake, akayafanya yote mchana kweupe, akiwaambia watu kwamba huu ni ufundi. Na Harry Houdini, aliyechukua jina lake kutoka kwa Robert-Houdin na kuwa rais wa chama cha Marekani tangu 1917 hadi kufa kwake mwaka 1926, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafuata watu waliodai kuzungumza na marehemu. Aliingia kwenye vikao vyao na ndevu za bandia, akawaumbua. Mwaka 1926 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kuunga mkono sheria dhidi ya wapiga ramli wa malipo jijini Washington. Haikupita.

Chuki yake ilizidishwa na msiba wake mwenyewe. Mama yake alifariki mwaka 1913, na Houdini alimpenda kupita kiasi. Mwaka 1922 mke wa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, alimwandikia kurasa kadhaa akisema ni mama anayeandika kupitia mkono wake. Barua ilianza kwa alama ya msalaba, na ilikuwa ya Kiingereza. Mama alikuwa mjane wa rabi wa Kiyahudi, na Kiingereza hakikuwa lugha yake. Huku kwetu nako mizimu ya mababu wa Kiha, watu ambao maishani hawakuvuka Malagarasi, imesikika ikinena Kiswahili laini kupitia kinywa cha mganga aliyeshuka kwenye basi juzi.

Hapo ndipo nataka msomaji anielewe, kwa sababu nisingewasumbua watu na habari za Paris na London kama kwetu kungekuwa shwari. Kwa miaka mingi mkoa wetu umepitiwa na makundi ya kamchape, wengine huwaita lambalamba au rambaramba. Wanakuja kijijini wakidai kutoa uchawi. Kila kaya inatakiwa kuchanga, na asiyechanga ameshajishtaki. Wanaingia nyumba ya mtu na jembe, wanachimba chini ya kitanda au kwenye kizingiti, na ghafla pembe inatoka udongoni, imefungwa nyuzi nyeusi na shanga. Umati unapiga mayowe. Mtu aliyemwona mchezaji wa shuleni akitoa nyembe mdomoni angejua pembe hiyo imetoka wapi. Ni mkono uleule, na mara nyingi hauna hata nusu ya ustadi wa yule. Ila yule alisema anacheza.

Bibi mwenye nyumba anabaki na nini? Macho yake mekundu, ambayo moshi wa kuni wa miaka hamsini umeyafanya hivyo, sasa ni ushahidi. Wajukuu wanaacha kumsalimu. Mjane mwenye kipande cha shamba kizuri yuko hatarini zaidi kuliko asiye na kitu, jambo ambalo lingetosha kumfumbua macho mtu yeyote mwenye akili. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu 7 waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine wakichomwa moto. Murufiti si mbali. Waliouawa walikuwa na majirani waliokuwa wakiwapa na kuwaomba chumvi.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928, na kumtangaza mwenzako kijijini kuwa mchawi ni kosa chini yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kuwasajili waganga, na wale wa mitishamba wanaotibu kwa haki hawana sababu ya kuiogopa. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Polisi hawachoki kuonya juu ya ramli chonganishi. Lakini askari yuko Kasulu mjini, na jembe liko chini ya kitanda cha bibi sasa hivi. Wakati mwingine mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeshika daftari la michango.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaonisoma Buhigwe, Kasulu, Kibondo na Kakonko. Kamchape wakija, msichange hata shilingi mia. Mwenyekiti akileta daftari, mwambieni aandike na jina lake, mlipeleke kituoni. Kijana mwenye simu apige picha mikono ya mchimbaji kabla hajainama, si baada ya pembe kutoka. Na kama kwenye kitongoji chenu yupo bibi anayeishi peke yake, usiku watakaokuwapo kijijini nendeni mkalale kwake, watu wazima wawili au watatu, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani.